Orodha Isiyosomwa

Kisa hiki nimekitunga, na watu wake sikuwapa majina. Lakini mashine iliyomo, faili lililomo na ujanja uliomo ni vya kweli, na hufanya kazi Musoma sawasawa na kwingineko duniani.

Palikuwa na kijana mwenye steshenari karibu na Barabara ya Mukendo, Musoma mjini. Alikuwa na kompyuta tatu, printa, mashine ya kutolea kopi na ya kulaminetia vyeti. Asubuhi walimjia wahitimu wanaoomba ajira, mchana wazazi wanaofuatilia vyeti vya kuzaliwa vya watoto, jioni wanachuo. Wa Nyasho na Bweri walikuja kwa miguu au kwa bodaboda, wengine walishuka kwenye hiace za kutoka Bunda, na wa Butiama walipitia Makutano. Kompyuta ya dirishani ndiyo iliyokuwa ya wateja wote. Mtu aliikalia, akamaliza shughuli yake, akalipa, akaondoka. Kivinjari kilikuwa kimoja, kimefunguliwa kwa akaunti ya mwenye duka, na vidakuzi vyake, yaani kumbukumbu ndogo ambazo tovuti huziacha ndani yake, havikuwahi kufutwa tangu mashine iliponunuliwa.

Siku moja akaingia mwalimu wa shule ya msingi, mama wa makamo, kutoka Butiama.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Mama yangu amelazwa. Nitafutie mahali pa kupata mkopo wa haraka, wa mtandaoni, usiosumbua."

Kijana akamketisha dirishani, akamfungulia. Mwalimu akapitia tovuti kadhaa, akajaza namba yake ya simu kwenye mojawapo, halafu akafungua barua pepe yake ili asome ujumbe waliomtumia. Alipoondoka hakutoka kwenye akaunti ile. Hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mtu akimaliza hutoka.

Hapa inafaa tusimame kidogo, maana jambo lenyewe halionekani kwa macho. Ukurasa unaoufungua hautoki mahali pamoja. Maandishi huweza kutoka kwa mwenye tovuti, picha kwenye seva nyingine, na ndani yake mwenye tovuti hupachika vijiprogramu vya kampuni za takwimu na matangazo. Ukurasa ukifunguka, kompyuta yako yenyewe ndiyo inayokwenda kuvichukua vijiprogramu hivyo na kuviendesha, kwa bando lako. Vikishaanza kazi, huipasha habari kampuni iliyovitengeneza: ukurasa gani umefunguliwa, kwa kifaa gani, na mara nyingi umebonyeza nini. Kidakuzi kilibuniwa mwaka 1994 na Lou Montulli wa kampuni ya Netscape, ili tovuti iweze kukumbuka mteja amekwisha chagua nini kabla hajalipa. Google Analytics ilikuja mwaka 2005, baada ya Google kuinunua kampuni ya Urchin, na wenye tovuti waliipokea kwa furaha kwa kuwa iliwahesabia wasomaji wao bila malipo. Kijiprogramu kilekile kikiwa kwenye tovuti ya habari, ya duka na ya mikopo, habari zote tatu hufika kwa mpokeaji mmoja, naye huziunganisha. Huhitaji kumwambia jina lako. Atakutambua kwa kivinjari chako.

Sasa fikiria kompyuta ya dirishani. Kwa mifumo ya matangazo, wateja wote wale walikuwa mtu mmoja. Mtu huyo alitafuta kazi ya udereva asubuhi, dawa ya fangasi mchana na mkopo jioni. Basi alichokitafuta mmoja kilirudi kama tangazo mbele ya mwingine.

Kesho yake aliyekaa pale alikuwa mwalimu mwenzake wa yule mama, wa shule ileile, aliyefuata kuchapisha mitihani. Kila ukurasa alioufungua ulimletea mikopo: pesa ndani ya dakika chache, bila dhamana, bila mdhamini. "Nani huyu anayehangaikia mikopo hapa?" akauliza. Kijana, bila nia mbaya, akajibu: "Si mwalimu mwenzako wa Butiama? Alikuwa hapa jana." Mashine ilitoa nusu ya siri, ulimi ukatoa nusu iliyobaki. Mwisho wa wiki shule nzima ilijua.

Huko nyumbani mambo yalikuwa mabaya zaidi. Akaunti aliyoiacha wazi dukani ndiyo iliyokuwa kwenye simu yake. Matangazo yakamfuata humo. Akabonyeza moja, akapakua programu ya mikopo, na programu ikaomba ruhusa ya kusoma majina yote yaliyohifadhiwa kwenye simu. Akakubali, maana bila kukubali haikuendelea. Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama hiyohiyo, alichapisha mwaka 1969 tafsiri yake iitwayo Mabepari wa Venisi, tamthilia ya mkopo ambao dhamana yake ni ratili ya nyama ya mwili wa mkopaji. Dhamana aliyoitoa mwalimu wetu ilikuwa majina ya watu wake. Alipochelewa siku chache kulipa, ujumbe ukaanza kuingia kwa dada yake, kwa mwalimu mkuu, kwa wazazi wa wanafunzi, kwamba huyu ni mdaiwa sugu. Watanzania wengi wanaijua aibu hiyo. Ndiyo maana Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 za mikopo ya kidijiti zilizokuwa zikiendeshwa bila leseni.

Sisemi kijiprogramu cha kufuatilia ndicho kilichomkopesha. Shida ilikuwa ya kwake na uamuzi ulikuwa wake. Ila mtu mwenye shida anastahili kuifikiria kwa utulivu, na yeye hakupewa nafasi hiyo. Kila alipofungua simu, kila alipotaka kusoma habari, mkopeshaji alikuwa amekwisha kuketi pale akimngoja.

Alirudi dukani bila kelele. Akamwuliza kijana: "Mwanangu, siku ile hapa nilikaa na wewe tu. Nani mwingine alikuwa amekaa nasi?"

Swali hilo lilimkosesha kijana usingizi. Akampigia simu fundi wa kompyuta wa Bunda, mtu mzima aliyemfundisha kazi. Fundi akamsikiliza, kisha akamwambia: "Mdogo wangu, usitafute programu ya kununua. Windows yenyewe inacho cha kuanzia. Kuna faili linaitwa hosts. Jumamosi nakuja Musoma, tutakaa tuliandike pamoja."

Faili hilo lina historia ndefu kuliko intaneti tunayoijua. Katika mtandao wa ARPANET, kompyuta zilipokuwa bado chache, majina yote na anwani zake za tarakimu yaliandikwa kwenye faili moja, HOSTS.TXT, lililotunzwa na kitengo alichokiongoza Elizabeth Feinler huko Stanford Research Institute, California. Kila kituo kilichukua nakala. Mtandao ulipokua kazi ikawa haimaliziki, na mwaka 1983 Paul Mockapetris akabuni DNS, mfumo wa seva zinazoulizwa jina na kujibu anwani. Lakini faili la zamani halikuondolewa. Limo kwenye Windows, kwenye Mac, kwenye Linux, na kwa kawaida kompyuta hulitazama hilo kabla ya kuuliza seva yoyote. Likisema jina fulani liko mahali fulani, kompyuta huamini na kwenda huko.

Nguvu yake yote ni hiyo. Ukiandika ndani yake mstari 0.0.0.0, ukaacha nafasi, ukafuatisha www.google-analytics.com, umeiambia kompyuta kwamba mwenye jina hilo hana anwani ya kufikika. Ukurasa utafunguka, maandishi yatakuja, lakini mashine ikitaka kuchukua kijiprogramu kutoka kwa jina hilo haitakuwa na pa kwenda. Hakitashuka, hakitaendeshwa, hakitakula bando. Kizuizi hiki huwa kwenye mashine yako, kwa maandishi ya kawaida ambayo mtu yeyote ajuaye kusoma anaweza kuyakagua. Hilo ndilo ninalolipenda kuliko yote katika njia hii.

Na hilo ndilo kijana alilolitupa. Jumamosi aliiona mbali. Usiku uleule akaingia kwenye kundi moja la Telegram, akakuta mtu asiyemjua amepandisha faili la hosts lenye maelfu ya mistari, pamoja na kijifaili cha kuliweka lenyewe mahali pake. Maelezo yalikuwa mafupi: bonyeza kulia, endesha kama msimamizi. Akaendesha. Asubuhi matangazo yalikuwa hayapo. Kurasa zilifunguka upesi, bando la siku moja likafika jioni na chenji. Akawaambia wateja kwa fahari kwamba hapa sasa hakuna anayewafuatilia.

Dalili ya kwanza aliipuuza. Mwanafunzi wa Bweri alikuja siku ya mwisho ya kuomba chuo, akajaza fomu yote, na kitufe cha kutuma kikakataa. Miongoni mwa majina yaliyofungwa na ile orodha ilikuwamo seva ambayo fomu ile iliitegemea kuhakikisha kwamba anayejaza ni binadamu. Mwanafunzi akakimbilia steshenari nyingine akawahi. Kijana akaulaumu mtandao.

Dalili ya pili ilikuja na katibu wa chama cha msingi cha wakulima wa pamba, kutoka Bunda. Alitaka kusoma barua pepe ya chama. Alipoandika anwani, kivinjari kikaonyesha onyo kwamba muunganisho si wa faragha na huenda kuna mtu anajaribu kuiba nywila. Akamwita kijana. Kijana akatazama, akasema, "Mzee, hiyo hutokea tu. Bonyeza mahiri, halafu endelea." Katibu akaendelea. Ukurasa ukafunguka ukiwa na sura aliyoizoea. Akaandika nywila, ukamwambia kuna hitilafu, ajaribu baadaye. Akaenda zake.

Siku chache baadaye barua zilitoka kwenye anwani ya chama kwenda kwa wanunuzi, zikiwaarifu kwamba akaunti ya benki imebadilishwa na malipo yatumwe kwenye namba mpya. Mnunuzi mmoja alipiga simu kuhakikisha. Mwingine hakupiga, na fedha zikaenda zisikorudi.

Fundi alifika Jumamosi kama alivyoahidi, akakuta kijana ameinamisha kichwa. Hakumgombeza. Aliwasha Notepad kama msimamizi, akafungua diski C, Windows, System32, drivers, etc, akachagua kuonyesha mafaili yote, kisha akafungua hosts. Hakusoma juu. Alibonyeza Ctrl na End, mashine ikamrukia hadi mwisho kabisa wa faili. Huko, baada ya mamia ya mistari mitupu ambayo mtu akishuka kwa kipanya angedhani faili limekwisha, palikuwa na mistari miwili. Haikuanza na sifuri. Ilianza na anwani ya seva ya mbali, na mmoja wao ulibeba jina la huduma ya barua pepe aliyoitumia katibu. Faili lililoweza kuiambia kompyuta "huyu hafikiki" liliweza vilevile kuiambia "huyu yuko kwangu".

Ujanja wa aina hii haukuanza leo. Novemba 2011 FBI na polisi wa Estonia waliwakamata watu waliosambaza programu hasidi iliyojulikana kama DNSChanger. Yenyewe iliugusa mpangilio mwingine, ule unaoiambia kompyuta iulize DNS ya nani, lakini shabaha ilikuwa moja: mtu aandike jina sahihi afikishwe mahali pa mwingine. Kompyuta zilizoathirika zilikadiriwa milioni 4 katika nchi zaidi ya 100. Wengi walikuwa wametegemea seva za wahalifu kiasi kwamba mahakama ya Marekani iliruhusu seva safi ziwekwe badala yake kwa muda, na zilipozimwa tarehe 9 Julai 2012, mashine zilizokuwa hazijarekebishwa hazikuweza tena kuipata tovuti yoyote kwa jina.

Fundi alifuta faili lote, akarudisha la asili. Akaendesha kikagua virusi, maana kijifaili kilichoendeshwa kama msimamizi kingeweza kuwa kimefanya zaidi ya hapo. Akampigia katibu abadilishe nywila kwa mashine nyingine, awashe uthibitisho wa hatua mbili, na aende benki na polisi siku hiyohiyo. Ndipo wakakaa kuandika.

"Nakala ya faili la asili kwanza," fundi alisema, "iwekwe kando. Ukivuruga, una pa kurudi." Wakaandika majina machache tu: ya takwimu za Google, ya matangazo ya doubleclick, ya kijiprogramu cha Facebook kinachotoka connect.facebook.net. Kwa hilo la mwisho fundi alimtahadharisha kwamba mteja anayeingia kwenye tovuti nyingine kwa kutumia akaunti ya Facebook huenda akakwama, hivyo aweke alama ya # mwanzoni mwa mstari endapo anataka kuusimamisha bila kuufuta. Kila jina mstari wake, kwa sababu faili hili halielewi "huyu na jamaa zake wote". Ukilifunga jina moja, dada yake mwenye herufi tofauti mwanzoni bado anapita. Walipohifadhi, Notepad ilitaka kubandika .txt mwishoni, na fundi akaikatalia. Faili likiitwa hosts.txt, Windows hailitazami kabisa, na wengi hukata tamaa hapo wakidhani njia yenyewe haifai. Wakafungua dirisha la amri, wakaandika ipconfig /flushdns ili mashine isahau majibu ya zamani, wakafunga kivinjari na kukifungua upya.

Kuhusu orodha ndefu za watu wengine, fundi hakuzikataza. Zipo zinazotunzwa hadharani kwa miaka, kama ile ya Steven Black, ambapo kila badiliko linaonekana na watu wengi wanalikagua. Lakini alimpa kijana kipimo cha kuzisomea hata zikiwa na mistari laki moja: panga mistari yote kwa herufi, kisha tazama safu ya kushoto. Iwe 0.0.0.0 mwanzo hadi mwisho. Yale machache ya localhost ya mashine yenyewe, yenye 127.0.0.1 au ::1, yanajulikana. Tarakimu nyingine yoyote, simama. Akamwambia pia kwamba Windows Defender, tangu mwaka 2020, huweza kupiga kelele ikikuta faili hilo limezifunga seva za Microsoft, na kwamba dawa yake ni kuziondoa seva hizo kwenye orodha, si kumzima mlinzi.

Mimi naona kosa kubwa la duka lile halikuwa kwenye hosts. Faili hilo halikizuii kijiprogramu kinachotoka kwenye jina lilelile la tovuti unayoisoma, na halimtoi mteja kwenye akaunti aliyoiacha wazi. Mashine inayokaliwa na watu wengi inahitaji kivinjari kinachosahau. Chrome ina hali ya mgeni, ambayo dirisha likifungwa hufuta vidakuzi na historia vya aliyekuwapo. Firefox, ambayo tangu mwaka 2019 huzuia vifuatiliaji vingi bila kuombwa, inaweza kupangwa ifute kila kitu inapofungwa. Hata vidakuzi vya watu wa pembeni hukataliwa kwa kubonyeza mara moja kwenye mipangilio. Kijana alifanya yote hayo kwa mchana mmoja, bila gharama.

Halafu fundi akafungua folda ya Downloads. Humo mlikuwa na vitambulisho vya NIDA vilivyoskaniwa, vyeti vya ndoa, barua za mahakama, taarifa za mishahara za watu wasiohesabika. Kijana alikuwa amezoea kuiona folda hiyo kama taka. Ibara ya 16 ya Katiba yetu inaitambua haki ya faragha. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 ilianza kutumika tarehe 1 Mei 2023, na Tume yake ikazinduliwa rasmi na Rais Samia Suluhu Hassan Aprili 2024. Tunapoisoma sheria hiyo tunafikiria makampuni makubwa ya ng'ambo, lakini mwenye steshenari anayebaki na nakala ya kitambulisho cha mteja naye ameshika taarifa binafsi ya mtu. Folda ile ikafutwa, na kuanzia hapo ikawa inafutwa kila jioni kabla ya kufunga duka.

Mwalimu wa Butiama alimalizana na deni lile kwa msaada wa ndugu. Alipokuja tena mjini, kijana alimwomba radhi kwa ulimi wake, kisha akamwomba amwonyeshe simu. Kwenye Android huwezi kuliandika faili la hosts bila kuifungua simu kwa namna inayoihatarisha, lakini kuanzia toleo la 9, la mwaka 2018, ipo sehemu ya DNS ya faragha kwenye mipangilio ya mtandao, unapoweza kuandika jina la huduma inayokataa vifuatiliaji. Hapo napo unamkabidhi mtu mwingine majina yote unayoyatafuta, kwa hiyo kijana alimweleza kwanza huduma ile ni ya nani, akamwacha aamue mwenyewe. Wakafuta kitambulisho cha matangazo. Mwisho wakafungua orodha ya programu zenye ruhusa ya kusoma majina, na mwalimu akavaa miwani akaanza kuisoma moja moja kwa sauti.

"Hii ya tochi," akauliza, "inataka majina ya watu wangu ya nini?"

Kijana akamwambia aifute. Akaifuta, wakaenda kwenye inayofuata.